Matembezi ya Bibi Beatha Ukingoni mwa Mfereji

Jioni Justa akitoka shule hakuwa na muda wa kuzubaa. Alitua mfuko wa madaftari kitandani, akavua sare, akala makande yaliyobaki mchana akiwa amesimama, kisha akavaa kandambili na kwenda kumchukua bibi yake. Hakuhitaji kumwita. Bibi Beatha alikuwa amekwisha kaa kwenye kigoda mlangoni, kilemba kimefungwa vizuri, raba miguuni na mkongojo mapajani, kama msafiri anayesubiri basi la kwenda Same.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umechelewa."

"Tulikuwa na zamu ya kufagia darasa."

"Na miguu yangu nayo ina zamu yake. Haya, twende kabla jua halijazama."

Wakaondoka taratibu, bibi mbele, mjukuu nyuma. Matembezi yao yalikuwa mepesi, hayakuwa na kupanda wala kushuka. Mtu anayeijua milima ya Upare atauliza mahali pa namna hiyo walipapata wapi. Ni swali zuri, na Bibi Beatha mwenyewe aliwahi kuliuliza, tena kwa kicheko.

Kijiji chao kinaitwa Mshitu. Kimejipachika kwenye mteremko chini kidogo ya Mhezi, kando ya mto unaotoka msituni. Huko kila kitu kina juu yake na chini yake. Kanisa liko juu, shule iko chini, duka liko chini zaidi, na uwanja wa mpira wenyewe umeinama hivi kwamba timu inayocheza upande wa juu hushinda kabla ya mapumziko. Mpira ukitoka nje, unafuatwa mtoni. Watoto wa huko hawajui kuchoka, lakini wazee wanajua.

Mwanzoni mwa mwaka miguu ya Bibi Beatha ilianza kuvimba na kufa ganzi. Mama yake Justa alimpeleka hospitali ya Gonja, na vipimo vikaonyesha sukari imepanda. Alipewa dawa na akaelezwa chakula cha kula na cha kuacha. Mwishoni muuguzi akamshika mkono.

"Bibi, dawa peke yake haitoshi. Utembee kila siku. Taratibu tu, na mahali tambarare, maana goti lako halitaki milima."

Bibi alicheka safari nzima ya kurudi nyumbani. "Tambarare! Labda nitembee juu ya meza." Siku zilizofuata hakucheka tena. Alijaribu kushuka mpaka dukani, goti likamkatalia njiani, akarudishwa kwa bodaboda huku ameuma meno. Tangu hapo akawa mtu wa kigodani. Aliacha kutania. Akaanza kuomba aletewe hata maji ya kunawa. Mama yake Justa alikuwa akishinda Same sokoni akiuza kabichi na karoti, kwa hiyo bibi ndiye aliyekuwa amemlea Justa kwa sehemu kubwa. Justa alimtazama akizidi kunyamaza, akaogopa sana.

Njia ilipatikana siku Justa alipokuwa akifua. Alikuwa amechuchumaa kando ya mfereji, akaliona jani la mgomba linaelea mbele yake polepole, bila haraka yoyote. Akalifuata kwa macho mpaka likapotea kwenye kona. Ndipo akili ikamfunguka. Maji yale yalikuwa yakizunguka ubavu wa mlima bila kupanda na bila kuporomoka. Basi na ukingo wake, yaani ule udongo ulioinuliwa kando kuyazuia maji, ulikuwa tambarare vilevile, toka mwanzo mpaka mwisho.

Mfereji huo ndio uhai wa Mshitu. Maji ya chemchemi hukusanywa usiku kwenye bwawa dogo la udongo, ambalo Wapare wanaliita ndiva. Asubuhi ndiva hufunguliwa, maji yakafuata mfereji kwenda mashambani. Kila familia ina zamu yake ya maji. Kila familia pia ina kipande chake cha ukingo cha kutunza, na hapo hakuna mzaha. Kipande chako kikivuja, umepoteza zamu, hata kama wewe ni mwenyekiti wa kijiji.

Kutembea juu ya ukingo hakukukatazwa. Watoto walipita hapo kila siku pekupeku. Wazee wenye mikongojo ndio ambao hawakuwahi kupita, kwa sababu hakuna aliyewahi kufikiri kwamba kuna mzee angetaka kutembea tu, bila kwenda popote.

Siku ya kwanza Bibi Beatha alifika kwenye magimbi ya jirani, akageuza. Baada ya muda akafika kwenye jiwe kubwa ambapo mto unasikika ukinguruma chini. Kisha akafika mpaka kwenye kona yenye mianzi, ambapo mlima unaachia na macho yanapata nafasi. Kutoka hapo waliona nyika yote ya chini, kahawia na kavu, na barabara kuu yenye malori yanayokwenda bila sauti. Bibi alipenda kusimama pale, akajishika kwenye mkongojo wake kwa mikono miwili.

"Unaona moshi ule?" alisema. "Kule chini mvua wanaisikia kwa jina tu. Sisi tuna maji mlangoni, halafu tunalalamika mlima umepanda."

"Wewe ndiye uliyelalamika, bibi."

"Nililalamika kwa niaba yenu."

Utani ulikuwa umerudi. Uvimbe wa miguu ulipungua, na walipokwenda tena kliniki muuguzi alitabasamu alipoona kipimo cha sukari. Justa alijisikia kama yeye ndiye daktari.

Sasa tuuangalie ule mkongojo. Ulikuwa mzuri, wa mti mgumu, uliotumwa na mjomba wake Justa anayefanya kazi ya kuchomelea vyuma mjini Same. Ili usilike upesi, mjomba alikuwa ameutia kipande cha nondo chini, akakinoa. Kwenye njia ya mawe ulifaa kweli. Kwenye ukingo wa udongo uliolowa, ulikuwa ukifanya jambo lingine.

Justa aliliona jambo hilo jioni moja alipochelewa nyuma ili kumwaga changarawe iliyoingia kwenye kandambili. Pale kwenye kona ya mianzi ukingo ni mwembamba, na bibi alizoea kuuegemea mkongojo kwa uzito wake wote. Kando ya alama za raba zake kulikuwa na matundu madogo, kila moja limejaa maji. Kutoka kwenye tundu moja uzi mwembamba wa maji ulikuwa umepenya mpaka upande wa pili wa ukingo, ukichuruzika kuelekea mtoni.

Justa aliinama akaangalia mbele, akaona matundu mengine, na mengine tena. Mara moja akamfikiria Mzee Sifael, mgawa maji wa kijiji, ambaye huukagua mfereji kama mama anavyokagua kichwa cha mtoto. Akiyaona haya atampiga bibi marufuku, na bibi atarudi kigodani. Justa hakutaka hata kuimaliza fikra hiyo. Aling'oa majani, akayasokomeza kwenye matundu, akakanyaga kwa kisigino.

"Unafanya nini huko nyuma?" bibi akauliza bila kugeuka.

"Nafunga kamba ya kiatu!"

"Haya, ifunge vizuri."

Tangu jioni hiyo Justa alitembea hatua chache nyuma ya bibi. Kila alipoona tundu alisokomeza majani na kukanyaga. Kwa juu palionekana pamezibwa safi. Alijiambia hakuna kilichoharibika.

Alhamisi moja, wakati wa mapumziko, Rodrick alikuwa amekaa peke yake nyuma ya darasa akichimbachimba ardhi kwa kijiti. Rodrick alisoma naye darasa la sita, na kwa kawaida ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia mpira.

"Vipi, unaumwa?" Justa akamuuliza.

"Siumwi. Leo ilikuwa zamu yetu ya maji."

"Sasa?"

"Hayakufika. Ukingo umebomoka kwenye kona ya mianzi, maji yote yameingia mtoni." Alikivunja kile kijiti. "Na kona ile ni kipande chetu. Mzee Sifael amesema hatukukitunza, kwa hiyo tumepoteza zamu mpaka mzunguko mwingine. Maharage yetu yametoa maua, Justa. Yakikosa maji sasa, hakuna maharage."

"Baba yako anasemaje?"

"Anasema ni mimi. Likizo alinipa kazi ya kuukandika ukingo wote ule. Niliukanda udongo mpaka viganja vikachubuka, lakini baba haamini. Amesema nilikuwa nacheza." Akageuza uso upande mwingine. "Asubuhi hii hakunisemesha."

Kengele ikalia. Justa alikuwa na maneno mdomoni kabisa, akayameza. Alikaa darasani kipindi kizima cha hisabati bila kusikia hata namba moja. Alimwona Rodrick akiinamia daftari, kisha kwa mawazo akamwona bibi yake kwenye kigoda, mikono imekaa bure mapajani. Akimtetea mmoja, anamwangamiza mwingine. Hivyo ndivyo alivyoliona jambo lile, na lilimuuma vibaya.

Jioni alifika nyumbani taratibu. Bibi alikuwa tayari mlangoni.

"Shikamoo, bibi. Leo tusiende."

"Marahaba. Kwa nini tusiende?"

"Nimechoka."

"Wewe umechoka?" Bibi alimtazama kutoka kandambili mpaka nywele. "Juzi umepanda kanisani mara mbili kwa sababu ulisahau kitenge cha mama yako. Kaa hapa."

Justa akakaa chini, akaegemea ukuta. Kwanza alitokwa na machozi, maneno yakaja baadaye. Alieleza yote, matundu, majani, kona ya mianzi, maharage ya kina Rodrick, na jinsi baba yake Rodrick alivyokataa kumsemesha mwanawe. Bibi Beatha alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, bibi aliuinua mkongojo, akaigusa ile nondo kwa kidole gumba.

"Nilijiuliza," alisema mwishowe, "huyu mtoto anafunga kamba gani kila siku, na kandambili hazina kamba."

Justa alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. "Mbona hukuniuliza?"

"Nilidhani unachuma maua, unaona haya kuniambia. Kumbe unanizibia matundu." Bibi akapumua. "Mkongojo ni wangu, nitausemea mimi. Majani ni yako, utayasemea wewe. Jumamosi watu watakuwa ndivani. Tutakwenda."

"Bibi, watakukataza kutembea!"

"Wanaweza kunikataza."

"Na miguu yako je?"

"Ninaihitaji miguu yangu, tena sana," bibi akasema. "Usifikiri siogopi. Naogopa kile kigoda kuliko unavyokiogopa wewe. Lakini siwezi kutembea kila jioni nikijua mtoto wa watu anabeba lawama yangu. Nitatembeaje?"

Jumamosi asubuhi Bibi Beatha aliuacha mkongojo nyumbani. Aliweka mkono kwenye bega la Justa, wakafuata ukingo kuelekea upande wa ndiva. Walikwenda polepole kuliko siku zote. Bega la Justa liliuma, lakini hakusema. Njiani bibi hakutania hata mara moja.

Ndivani walikuta watu wachache wenye majembe wakitoa tope lililotuama chini ya bwawa. Mzee Sifael alisimama katikati na mabuti yake ya mvua, mrefu, mkavu, kofia ya sufu kichwani. Baba yake Rodrick alikuwa upande mmoja akichota tope, na Rodrick upande mwingine. Walikuwa wamepeana migongo.

"Shikamooni," Justa akasema.

"Marahaba," wakaitikia, wakishangaa kumwona Bibi Beatha huko.

"Sifael," bibi akaanza, "kona ya mianzi haikubomoka kwa uvivu wa mtu. Nimekuwa nikitembea pale kila jioni na mkongojo wenye nondo. Umeutoboa ukingo. Sikujua, macho yangu hayaoni tena vitu vidogo vya chini. Lakini ni mimi."

Watu waliacha kuchota. Bibi alimbonyeza Justa begani, kidogo tu. Justa aliangalia mabuti ya Mzee Sifael, kwa sababu uso wake hakuuweza.

"Mimi nilijua," alisema. "Niliyaona matundu, nikayaziba kwa majani ili usiyaone. Niliogopa utamkataza bibi kutembea. Rodrick hakufanya kosa lolote." Akajilazimisha kumalizia. "Alhamisi aliniambia amelaumiwa, na bado nikanyamaza."

Mzee Sifael hakugomba. Aliweka jembe begani akasema, "Twendeni tukaone." Wakafuatana wote mpaka kwenye kona. Pale palipobomoka palikuwa na pengo ambalo mtu angeweza kulala ndani yake. Mzee alipiga goti kando ya pengo, akachokonoa tundu moja lililokuwa bado limezibwa. Akavuta kifungu cha majani. Yalikuwa meusi, yameoza, yananuka.

"Sogea hapa uone," akamwambia Justa. "Tundu la mkongojo ni dogo. Ungeniita siku ile ningeliziba kwa donge la udongo, tungecheka, tukaenda kunywa chai. Lakini wewe umetia majani. Kwa juu yanapendeza. Ndani yanaoza, yanaacha nafasi, maji yanaingia na kula udongo siku baada ya siku wakati sote tunaamini mambo ni mazuri. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, babu."

"Kilichobomoa ukingo huu si mkongojo. Ni kule kuficha."

Baba yake Rodrick alikuwa ameinama akiangalia udongo wa pembeni, ule ambao haukubomoka. Aliubonyeza kwa kidole, haukubonyea. Ulikuwa umekandikwa vizuri sana. Alinyanyuka taratibu, akamgeukia mwanawe.

"Uliukanda kweli," alisema.

"Nilikwambia, baba."

"Uliniambia. Nisamehe, mwanangu. Nilikukosea."

Rodrick alitikisa kichwa kukubali, kisha akajifanya ana kazi kubwa ya kufuta tope kwenye mpini wa jembe. Macho yalikuwa yamemjaa maji, na watu wote walikuwa na adabu ya kuangalia pengine.

Hukumu ya mfereji ilikuwa inajulikana. Aliyesababisha mvujo ndiye anayepoteza zamu. Zamu iliyofuata ya kina Justa ilipewa kina Rodrick. Bibi Beatha alikubali papo hapo, ingawa Justa alimwona akiumeza uamuzi ule kwa taabu. Kabichi za mama zilikuwa zinaanza kufunga, na kabichi ndizo zilizonunua sare yake.

"Mama akirudi kutoka Same nitamwambia mwenyewe," Justa akasema. "Nitazimwagilia kwa ndoo kutoka mtoni."

"Mto uko mbali chini," mtu mmoja akamkumbusha.

"Najua."

Likabaki jambo moja, lile ambalo Justa aliliogopa kuliko yote. Mzee Sifael alimgeukia bibi, akamtazama miguu.

"Na wewe dada yangu, ni nini kinachokutembeza huku kila jioni bila jembe wala mzigo?"

Bibi akaeleza habari za sukari, goti, na muuguzi wa Gonja aliyetaka njia tambarare. Mzee Sifael alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomtikisa mabega yote mawili.

"Nimeutunza mfereji huu tangu nikiwa kijana, na goti langu linanisumbua kila nikishuka dukani. Sijawahi kujua kwamba natembea juu ya dawa!" Akafuta macho. "Sikiliza. Mkongojo ule usikanyage hapa tena. Lakini miguu, hiyo tunaitaka. Ukingo ukikanyagwa na miguu unashikana. Wewe tembea tu, dada. Tafuta bega la kushika."

Bibi akamfinya Justa begani.

Kazi ya kuijenga ile kona ilifanywa siku iyo hiyo. Mzee Sifael aliitisha msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo Mpare akiitwa haulizi atalipwa nini. Wanaume walileta mawe kutoka mtoni kuupanua ukingo pale palipokuwa pembamba. Justa aliwekwa kwenye udongo pamoja na Rodrick. Kwa muda mrefu Rodrick hakumsemesha. Alimwaga maji kwenye udongo mwekundu, akaukanyaga, akaupondaponda. Justa alipochukua donge lake na kulibandika, alilibandua bila neno, akalitupa chini.

"Halijaiva," akasema hatimaye. "Unalipiga kwanza hivi, linatoa hewa. Halafu unalisukuma kwa kiganja mpaka ndani. Usilipapase."

Justa akalipiga. Akalisukuma. Rodrick akalibonyeza kwa kidole, akaridhika.

"Ungeniambia tu Alhamisi," alisema bila kumtazama. "Tungekuja kuziba sote wawili."

"Nilikuwa naogopa."

"Na mimi nilikuwa naogopa kwenda nyumbani."

Justa alichukua donge lingine na kuendelea na kazi mpaka viganja vyake navyo vikachubuka.

Jioni zilizofuata alizipata tamu na chungu. Mama yake alimgombeza, kama alivyostahili, kisha akampa ndoo kubwa zaidi. Alishuka mtoni na kupanda, akashuka tena na kupanda, mpaka mapaja yakawaka moto. Baadhi ya kabichi zilinyauka. Nyingi zilipona.

Siku maji ya zamu yao yalipokwenda kwa kina Rodrick, yalifika yote. Jioni ya siku hiyo Bibi Beatha aliomba watembee mpaka mwisho kabisa wa mfereji, mahali ambapo alikuwa hajafika tangu augue. Mkono ulikuwa begani kwa Justa. Walivuka kona ya mianzi, wakafika juu ya shamba la maharage. Udongo wake ulikuwa mweusi kwa unyevu, na maua meupe yamesimama wima. Baba yake Rodrick aliwapungia mkono kutoka chini.

Bibi alisimama kupumzika.

"Nataka nikwambie neno moja, halafu sitalirudia," alisema. "Ulinificha kwa sababu unanipenda. Ndiyo maana hata sikuweza kukukasirikia vizuri. Lakini angalia, kwa kunificha umeniacha nitembee kila siku juu ya ukingo unaooza. Ningeweza kuanguka nao mpaka mtoni. Ukimpenda mtu, mwambie ukweli mapema, hata kama ukweli wenyewe utamnyima kitu. Mkishaujua wote, mtatafuta dawa pamoja. Ukiujua peke yako, utatafuta majani tu."

"Sitarudia, bibi."

"Najua. Haya, tugeuze."

Hawajapiga hatua nyingi, Rodrick akapanda kutoka shambani akihema, suruali imelowa mpaka magotini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu."

"Kesho Justa ana ndoo za kuteka." Alisema haraka haraka, akiangalia mianzi. "Kama huna bega, mimi nitakuja."

Bibi Beatha alimpima kwa macho. "Umekuwa mrefu mno. Inama kidogo nione."

Rodrick akainama. Bibi akamwondolea Justa mkono, akauweka begani kwa Rodrick, akalibonyeza kama mtu anayejaribu udongo.

"Linafaa," alisema. "Sitangoja kesho. Nipeleke nyumbani."

Wakatangulia, mvulana amejikunja, bibi kikongwe anacheka. Justa alibaki nyuma yao, bega lake likiwa jepesi ghafla, akawafuata.